Ongeza Kwenye Kamusi

Neno lilijiandika lenyewe katikati ya mkataba wa kupangisha nyumba, mchana kweupe, wakati mchapaji amenyanyua mikono kujipangusa jasho. Lilikaa baada ya "mpangaji", na chini yake ukatokea mstari mwekundu wa mawimbi. Mchapaji hakulisoma. Alibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua "Ongeza kwenye kamusi", mstari ukafutika, akaendelea na kazi.

Kabla hujamlaumu, kaa kwanza kwenye kiti chake. Programu ile haikujua Kiswahili hata cha kuombea maji. "Nyumba" ilikuwa kosa, "mlango" kosa, ukurasa mzima ulionekana umechanjwa wembe. Juu ya ujinga wake ilikuwa na kimbelembele cha kusahihisha: unaandika neno lako zuri, ukigeuka limekuwa la kigeni, na mteja ameshaondoka na karatasi.

Aliyemwokoa ni jamaa wa mashine ya fotokopi mle mle dukani, waliyemwita Mkato kwa sababu kila jambo alilijulia njia ya mkato. Ukinakili maandishi kutoka kwingine, alimwambia, yabandike kwa Kontroli, Shifti na V, yasije na rangi na ukubwa wa huko yalikotoka. Mashine ikikubadilishia neno, usilifute. Piga Kontroli na Z papo hapo, litarudi lako. Na mistari myekundu dawa yake ni kamusi.

"Ukiongeza neno, mashine inalitambua kuwa la hapa," alisema Mkato. "Haikusumbui tena."

Neno la kwanza kuongezwa lilikuwa jina la binti wa mchapaji, alilolirithi kwa marehemu bibi yake. Mama alikuwa akichapa maombi ya shule, akakuta limepigiwa mstari.

"Hata mwanangu ni kosa?" aliuliza, na hasira ilikuwa ya kweli. Tangu hapo akawa anaongeza kila kitu bila kutazama, kama mtu anayefukuza nzi.

Sasa lile neno la kwenye mkataba. Mimi silitaji hapa, na usiniombe. Lilianza kujitokeza mahali pa majina ya watu. Kijana mmoja alirudisha kadi za harusi.

"Dada, huyu mliyemwozesha kaka yangu ni nani?"

Mchapaji aliomba radhi, akaliandika upya jina la bibi arusi. Likabadilika. Akapiga Kontroli na Z, likarudi, akashusha pumzi, likabadilika tena, safari hii herufi moja baada ya nyingine, na vitufe vilikuwa vikizama na kuinuka bila kidole cha mtu juu yake. Kwenye matundu ya kompyuta ilitoka harufu ya nywele zilizoungua. Mkato, mtu wa maneno mengi, alichomoa waya ukutani na kusema labda ni virusi.

Binti wa mchapaji alikuwa akitoka shule anakuja kumsubiri pale pale, kwenye benchi lililokuwa nyuma ya kiti cha mama. Siku hizo alikuwa mzito wa kuitika. Unamwita mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, unaambiwa ni utoto. Alasiri moja mama akaamua kuijaribu mashine, akaandika jina la mwanawe, nalo likageuka mbele ya macho yake, na kwa kuwa alikuwa amechoka na kukereka kiasi cha kutaka kuutupa ule mtambo barabarani, akalisoma kwa sauti lile neno lililokaa mahali pake, kwa dharau, kama anayemsuta mtu, na kabla hajalimaliza akasikia nyuma yake sauti ya mwanawe, ya upole, ya mtoto aliyeitwa na mama yake.

"Abee, mama."

Kesho yake mchapaji alimleta shangazi yake, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu watu wenye majini. Shangazi alinusa hewa, akamtazama mtoto, akakaa mbali na kompyuta.

"Ulimwambia karibu?" alinong'ona.

"Sikumwambia kitu, shangazi. Nilibonyeza tu Ongeza."

"Ndiyo nini hiyo?"

Mkato akamweleza, naye kwa sauti ya chini. "Ni kulikubali neno, mama. Kwamba ni la hapa."

"Basi huko ndiko kukaribisha. Aliyemkaribisha ndiye amtoe. Mimi nitamshika mtoto."

Shangazi akaanza kusoma dua, kiganja chake kichwani mwa binti. Mchapaji akaitafuta kamusi, na waliotengeneza programu ile walikuwa wameificha kama mali ya wizi: faili, chaguo, uhakiki, kamusi, hariri. Akalipata neno. Akalifuta. Likatokea juu kidogo. Akafuta. Likatokea chini, na feni ya kompyuta ikaanza kuunguruma kama koo la mtu, na harufu ikawa nzito hadi machozi yakawatoka, na mtoto akaanza kutetemeka chini ya mkono wa shangazi, na yeye anafuta linarudi, anafuta linarudi, hadi uvumilivu ukamwisha kabisa na kipanya chake kikasimama juu ya "Futa yote".

"Dada, subiri," alisema Mkato.

Alishabonyeza. Feni ikanyamaza. Harufu ikakatika. Mtoto akatulia, akafungua mkoba wake, akatoa penseli, akaanza kuichonga.

"Ametoka," alisema shangazi.

Mchapaji alicheka na kulia kwa pamoja, akamwita mwanawe kwa jina lake. Mtoto aliendelea kuchonga penseli. Akamwita tena, karibu zaidi.

Shangazi akamgeukia Mkato. "Humo ndani mlimweka nani mwingine?"

Mama alikuwa ameshaelewa. Aliandika jina la binti yake, mstari mwekundu ukatokea chini yake. Akabonyeza kitufe cha kulia. "Ongeza kwenye kamusi" lilikuwepo, limefifia, halibonyezeki. Akabonyeza hivyo hivyo, tena na tena, kwa nguvu.

Mtoto akaja kusimama begani kwake, akatazama kioo cha kompyuta.

"Mama, twende nyumbani," alisema. "Huyo unayemwandika ni nani?"