Kovu la Mkono wa Kushoto

Kilichoanza kumtia wasiwasi Rogathe ni mama yake kumwita kwa jina.

Kwa miaka miwili ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemfanya Bi Fortunata asimjue binti yake. Alimwita "wewe dada" tu. Sasa, siku ya tatu tangu apotee kutoka nyumbani kwao Same, polisi walimkuta kando ya reli kule Makanya, na alipoletwa mlangoni akasema, "Rogathe." Koplo Irine aliangalia karatasi yake: gauni la kijani, kovu la moto mkono wa kushoto. Polisi nao, karatasi ikikubali wamekubali. Msako ukafungwa, na Rogathe akalia kwa furaha.

Kosa moja alilijua. Wazee wao wa Gonja walikataza kuita jina la mtu porini. Huko mtu hutafutwa kwa mluzi, kwa sababu wanaosikia si watu peke yao. Lakini polisi walimpa kipaza sauti, na kwa siku mbili alizunguka nyika akitangaza jina, gauni na kovu la mkono wa kushoto, na kumalizia, "Mama, ni mimi, Rogathe!"

Mchana aliandaa makande, akakaa mbele ya mama na kijiko kama kawaida. Nyumba ilinuka vumbi la jasi, lile jeupe la machimbo ya Makanya. Mama akanyoosha mkono wenye kovu apokee kijiko, na Rogathe akaganda, maana miaka yote hiyo amemlisha wakitazamana, na kovu lilikuwa upande wake yeye wa kushoto, ndiyo sababu kituoni, akiwa amechanganyikiwa, alisema kushoto, kumbe kwa mama ni kulia, na sasa kovu lilikuwa kushoto vilevile kama karatasi ilivyokosea, na kile kilichokaa pale kikitabasamu kilikuwa kimevaa kosa lake.

Alitoka uani, akapiga simu akinong'ona.

"Afande, rudisheni watu Makanya. Mama bado yuko kule, na jua hili litamuua."

"Dada Rogathe, si nimekukabidhi mama yako asubuhi?"

"Huyu si mama. Nakuomba. Na msiite jina, pigeni mluzi."

"Nilidhani ni macho yangu," Koplo alisema polepole. "Kwenye gari, kiti alichokalia hakikubonyea."

Rogathe aliporudi ndani hapakuwa na mtu, ila vumbi jeupe juu ya kiti.

Jioni, Rogathe akiwa Makanya na polisi, miluzi ikiitikiana nyikani, mama mmoja mfugaji, Naisenya, alitoka bomani kwake akimwongoza Bi Fortunata.

"Nimemkuta korongoni leo asubuhi," alisema. "Amekunywa maziwa, yuko salama."

Kovu lilikuwa mkono wa kulia. Rogathe aliushika mkono huo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe dada ni nani?"

Rogathe alicheka huku akilia. Hakuwahi kulifurahia swali lile kama siku hiyo.

Ndipo sauti ikatoka vichakani, sauti yake mwenyewe, ikikwaruza kama ya kipaza sauti, ingawa kipaza sauti kilikuwa kimebaki kituoni. "Mama, ni mimi, Rogathe!"

Bi Fortunata aligeuka, uso umechangamka.

"Niachie mkono, dada," alisema, akivuta kwa nguvu ambazo hakuwa nazo. "Mwanangu ananiita."