Ubao wa Kichwani

Agatha ndiye aliyeanza kuona kwamba kitako kipya cha bunduki hakipoi. Ilikuwa Julai, asubuhi ya baridi ile ya Mikumi inayowafanya madereva wa malori wanywe chai wakiwa wamejifunga mablanketi, na bunduki ilikuwa imelala mezani tangu jana. Mtutu ulikuwa wa baridi. Lakini mbao, pale ambapo mumewe Evance hulaza shavu akilenga, ilikuwa na joto la mto uliotoka kulaliwa. Aliinusa. Ilinukia karafuu.

Angemwambiaje mumewe, wakati wazo la mbao ile lilitoka kinywani mwake mwenyewe?

Evance alikuwa na kibali cha kuwinda nguruwe pori wanaomaliza mahindi ya watu nje ya hifadhi. Kitako cha bunduki aliyoachiwa na baba yake kilipopasuka, walikwenda wote wawili kwa Lupakisyo, seremala mwenye karakana kando ya barabara kuu.

"Kuna vya plastiki, unaagiza Dar kinakuja kimeshachongwa," alisema Lupakisyo. "Ila bunduki yako ni ya kizamani, hakitakaa sawasawa. Mimi ningekuchongea mninga. Shida yangu, mninga nilio nao ni mbichi. Mbao mbichi ikikauka inajikunja, inausukuma mtutu. Utalenga nguruwe, upige ng'ombe wa watu."

"Iliyokauka ni ya miaka mingapi?"

"Kumi na kuendelea. Kama ya vitanda vya zamani."

"Si kuna kile kitanda cha stoo," Agatha alisema, haraka mno.

Kitanda hicho kilikuwa cha Hildegarda, mke wa kwanza wa Evance, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Agatha alikataa kukilalia tangu siku alipoolewa, na kwa hilo hakuna wa kumlaumu. Lakini kukikataa hakukumtosha. Kila alipoingia stoo kuchukua jembe alikikuta kimeegemea ukuta na ubao wake mpana wa kichwani, akajiona mgeni aliyekaribishwa kwa muda. Alimwonea wivu marehemu. Ni aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa, na wivu wa namna hiyo hauna dawa, maana marehemu humwezi: hazeeki, haunguzi wali, hanuni.

Evance alisita. Kwao Hildegarda, kule Kidete, mwanamke akifa na tanga likishaondolewa, kitanda chake hurudishwa kwa ukoo wa mama yake. Ndugu walikuwa wamekiulizia mara mbili. Mara ya kwanza mto Mkondoa ulikuwa umefurika na njia imekatika. Mara ya pili Evance alitoa kisingizio tu.

"Kile kina wenyewe," alisema.

"Tutawapelekea kilichobaki. Ubao mmoja tu, Evance. Au bado unalala naye?"

Swali hilo ndilo lililommaliza. Kesho yake ubao wa kichwani ukaenda kwa fundi.

Lupakisyo hakuwa mtu wa haraka. Alimpima Evance kutoka kiwiko hadi kidole cha kufyatulia. Alimwambia afumbe macho, ainue mbao begani, kisha afumbue aone kama jicho limekaa moja kwa moja kwenye shabaha. Chuma cha bunduki alikipaka masizi, akakilaza ndani ya mbao, akakiinua, na kila palipobaki weusi akapakwangua kwa patasi, kidogo kidogo, siku tatu nzima, mpaka wembe ukakosa pa kupita. Siku ya tatu alimvuta Agatha pembeni.

"Shemeji, mninga nimeuchonga miaka ishirini. Huu unajichonga wenyewe. Nauacha mchana naenda kula, nikirudi nakuta umepungua pale kwenye shavu. Na mimi sijaugusa."

Alicheka kidogo, kisha akafunga karakana kabla ya saa kumi.

Tangu kitako kilipoingia nyumbani, Evance alikipaka mafuta kila siku, kwa kiganja, taratibu, na Agatha alikuwa akihesabu tangu lini kiganja hicho hakijamgusa yeye. Akaanza kudai chai yenye karafuu, ambayo Agatha hakuwahi kumpikia. Alikwenda kuwinda akarudi mikono mitupu, bila hata kufyatua risasi, na shavu lake la kulia likinukia. Siku moja Agatha alimkuta amekaa uani jua linawaka, shavu kwenye mbao, macho yamefumbwa, anatabasamu. Agatha alikijua kicheko hicho cha midomo iliyofungwa. Kilikuwa chake, cha miezi ya kwanza ya ndoa, na sasa kilikuwa kimepewa kipande cha mti. Moyo ulimchoma kuliko kama angemkuta na mwanamke wa gesti.

Alhamisi, saa tisa alasiri, akiwa anaanua nguo, alisikia mumewe akizungumza chumbani kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, kisha sauti ya pili ikamjibu, ya kike, nzito, kavu kidogo kama kamba za kitanda zinazokazwa, na Agatha akaziacha nguo chini na kuingia ndani amejiandaa kupigana na mtu, akausukuma mlango, na hakukuwa na mtu zaidi ya Evance kando ya kitanda, ila bunduki tu imelazwa upande wa Agatha, kwenye mto wake, imefunikwa kanga yake mpaka shingoni, na harufu ya karafuu imejaa chumbani hata macho yakamwasha, na kanga ile, palepale alipokuwa akiitazama, ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka, polepole, kama inavyopanda na kushuka kwa mtu anayepumua.

Evance aliichukua bunduki, akaiweka begani bila haraka na kumlenga mkewe kifuani. Shavu likalala mahali pake.

"Ndiye huyu?" aliuliza. Hakumuuliza Agatha. Alisubiri jibu, ameinamisha sikio.

Kisha akaushusha mtutu. "Agatha," alinong'ona, machozi yakimtoka, "niondolee hiki kitu. Mimi siwezi."

Jumamosi walikuwa Kidete, pamoja na kitanda, bunduki na fundi Lupakisyo.

"Shikamoo, mama mkubwa," Agatha alimsalimu Costancia, dada yake mama wa Hildegarda.

"Marahaba. Mmechelewa." Mama huyo aliugusa ubao uliochongwa, akauvuta mkono wake upesi. "Hildegarda hakulala peke yake humu, hata kabla hajaolewa. Ni jini wa ukoo wetu, wa kike, alimrithi kwa bibi yetu. Mume wa Hildegarda ni mume wake. Ndiyo maana kitanda kinarudi kwetu, ili arudi nacho kabla hajaona mwanamke mwingine ameingia. Ninyi mmemchonga, mkampa shavu la kulalia mumewe."

Kitanda kilisimamishwa chumbani. Lupakisyo alikifungua kitako kutoka kwenye chuma, akakipigilia pale ulipokuwa ubao, jasho likimtoka. Ubani ukawashwa. Costancia alisema maneno kwa lugha ya kwao, kisha akamgeukia Agatha.

"Mwambie ulichofanya, na kwa nini. Usimdanganye."

Agatha alipiga magoti. "Nilimwonea wivu Hildegarda," alisema. "Nilitaka pasibaki chake chochote ndani ya nyumba. Nilitaka mume awe wangu peke yangu. Nisamehe."

Kitanda kililia mara moja. Agatha aliweka kiganja kwenye mbao. Ilikuwa ya baridi, mbao kama mbao nyingine, na harufu ilikuwa imekwisha. Agatha alilia kwa nafuu, Costancia akamshika bega, Lupakisyo akaanza kukusanya patasi zake.

Ndipo Evance, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, alipovua viatu, akavipanga chini ya kitanda, akapanda na kujilaza upande wa ukutani.

"Evance, inuka twende. Gari linasubiri."

Alifumbua macho, akamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mpita njia. Kamba za upande wa pili wa kitanda zilikuwa zimebonyea.

"Dada, punguza sauti," alisema. "Mke wangu ndiyo kwanza anapata usingizi."