Mtoro Namba Saba

Zipu ya mkoba wa Kipaza ilifumuka langoni mwa soko, saa ile ya watu kusukumana. Vikopo vya plastiki vikamwagika miguuni mwa wapita njia. Fundi mabegi, kijana aliyevaa shati la bluu lililopigwa pasi mpaka kola, akatoka kibandani kumwokotea.

"Dada, hivi vya kuuzia asali?"

"Vya makohozi, kaka'angu. Vitupu, usikimbie."

"Nimkimbie mrembo? Lete mkoba."

Mtaa ule mkubwa ulikuwa na zahanati moja ya vyumba viwili. Kipaza, na kizibao chake cha kijani, ndiye mhudumu wake aliyezunguka na kipaza sauti akitangaza kwamba kifua kikuu kinapona, wanaougua wasitengwe. Aliyaamini maneno hayo, msidhani alikuwa mnafiki. Ila pale kibandani alitaka kumchekesha fundi, ulimi ukateleza.

"Kazi ni kazi. Lakini kukaa chumba kimoja na mtu wa TB? Thubutu!"

Fundi akacheka naye. Mwenyewe alikuwa na mwezi mmoja kwenye dozi ya TB ya miezi sita.

Mapenzi yakapamba moto. Simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula, nimekukumbuka."

"Umenikumbuka mimi au zipu?"

Kipaza alipoanza kushinda kwa fundi, vidonge vikahamia ndani ya kiatu kibovu. Vile vidonge hugeuza mkojo rangi ya chungwa, na choo kilikuwa kimoja. Fundi akaona heri aviache kabisa.

Jumatatu moja tabibu akampa Kipaza orodha ya watoro, yaani waliokatiza dawa.

"Huyu wa saba ana wiki tano hajaonekana. Ugonjwa ukizoea dawa hizi, hapa sina nyingine. Nitamzika huku namwona."

Jina la wa saba lilikuwa geni. Kipaza akabofya namba, na kabla hajamaliza, simu ikamletea jina alilolihifadhi mwenyewe: Wangu.

Akaketi, akapiga.

"Haloo, malkia."

"Napiga kutoka zahanati."

Kikasikika kikohozi kikavu, kilichozibwa kwa kiganja.

"Kwa nini ulinificha, mpenzi? Mpaka zahanati ukadanganya jina?"

"Jina nilidanganya kwa kuogopa watu. Dawa niliacha kwa kukuogopa wewe. Ulisema thubutu."

"Nilitaka ucheke tu."

"Nilicheka."

Kipaza aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mamia aliwahubiria barabarani, na huyu mmoja aliyempenda akamfukuza kwenye dawa kwa utani. Akaomba msamaha. Fundi akakata simu, na siku tatu hakupokea.

Siku ya nne Kipaza akamfuata kibandani, wateja wamejaa.

"Twende zahanati."

"Utaniaibisha mbele za watu."

"Aibu ni yangu. Mimi ndiye niliyeropoka. Twende, baba, nakuomba."

"Na kama nimekuambukiza?"

"Nitapimwa, nitatibiwa. Wewe usife tu."

Fundi akakunja uso. Halafu akashusha turubai la kibanda.

Tabibu aliwapima wote wawili: Kipaza mzima, na ugonjwa wa fundi ulikuwa bado haujazoea dawa. Akamfungulia fundi kadi mpya. Kila mgonjwa sharti awe na msimamizi wa kumwona akimeza dawa kila siku.

"Msimamizi nani?"

"Huyu," fundi akasema.

"Uhusiano?"

Kipaza akainamisha kichwa. "Andika, aliyemfanya aache dawa."

"Kadi haina nafasi ya hayo, binti yangu."

"Andika mchumba," fundi akadakia.

Kipaza akashtuka. "Hujaniuliza!"

"Bado nina hasira na wewe. Nikimaliza dozi ndipo nitakuuliza."

"Na nikikataa?"

"Nitakuwa nimepona. Hata hiyo si haba."

Kipaza akalia mbele ya foleni nzima, wala hakujifunika uso.