Kishika Sufuria cha Ludovika

Mwaka 1974 Tluway na mkewe Ludovika walihamia kijiji cha ujamaa cha Maretadu. Zamani waliishi peke yao mlimani. Sasa nyumba zilipangwa mstari, mlango ukitazama mlango. Kulikuwa na duka la ushirika na ghala la kijiji. Mashamba ya mahindi na maharage yalianza pale nyumba zilipoishia.

Chungu kikubwa cha Ludovika kilivunjika siku ya kuhama. Akanunua sufuria dukani. Ilikuwa nyepesi mno. Ukisonga ugali, sufuria inazunguka pamoja na mwiko. Wanawake wote wa kijiji walipata shida hiyo. Wengine waliibana kwa kijiti. Wengine waliishika kwa kitambaa mpaka vidole vikababuka.

"Sufuria za dukani ndivyo zilivyo," walisema, wakaendelea kupika.

Asubuhi moja kulikuwa na baridi kali. Fabiola, binti yao wa miaka minne, alikaa karibu na moto. Ludovika alikuwa anakoroga uji. Sufuria ikateleza kwenye figa moja, ikapinduka. Uji wote ukamwagikia mkono wa kulia wa mtoto.

Fabiola alilazwa hospitali wiki saba. Alirudi mzima, lakini vidole vitatu vilikuwa vimeshikana. Hakuweza tena kuvinyoosha.

"Ni mimi niliyemwunguza," Ludovika alisema.

"Si wewe," Tluway alimjibu. "Ni sufuria."

"Sufuria haina akili, Tluway. Mwenye akili ni mimi, na niliona kila siku inateleza."

Tangu siku hiyo Ludovika hakuwa na raha. Akiwa shambani, alichora kwa kijiti kwenye udongo. Akiwa jikoni, aliyatazama mafiga kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Kisha akachukua vyuma vya plau mbovu, akavipeleka kwa mhunzi.

Kifaa cha kwanza kilikuwa kizito, kikavunja figa. Cha pili kiliibana sufuria hata ikashindikana kuiipua motoni. Cha tatu kiliyumba. Cha nne kilikuwa duara la chuma lenye miguu mitatu. Kila mguu uling'ang'ania nyuma ya figa moja. Juu kulikuwa na masikio mawili yaliyoshika ukingo wa sufuria. Ludovika alisonga ugali wa watu kumi kwa nguvu zake zote. Sufuria haikutikisika.

Alikaa chini akalia. Fabiola alimwuliza, "Mama, kimekuunguza?"

"Hapana, mwanangu. Kimechelewa tu."

Jirani yake Imakulata alikuwa wa kwanza kuomba cha kwake. Baadaye wakaja wengine. Ludovika alipinda vyuma, Tluway akashikilia koleo. Waliokuwa na maharage walileta maharage. Wasio na kitu walipewa bure. Mwaka mzima hakuna mtoto aliyeungua katika mstari wao wa nyumba.

Siku ya Saba Saba ya mwaka 1976, mwenyekiti wa kijiji alimtaka Ludovika apeleke kifaa chake kwenye maonyesho Mbulu mjini. Alikwenda kwa furaha. Alikiweka mezani kati ya maboga na mikeka. Watu walijaa kutazama.

Mwanamume mmoja alikaa pale kuliko wengine. Alivaa suti ya mikono mifupi, na mfukoni alikuwa na kalamu mbili. Alisema anaitwa Ndugu Urban, na kwamba ana karakana yake ya vyuma mjini.

"Mama, hiki umekibuni mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa."

"Hongera sana. Unanipa kimoja nikawaonyeshe wenzangu?"

"Chukua, ndugu yangu. Si kitu."

Ndugu Urban akampa kitenge kizuri. Halafu akatoa karatasi na kidau cha wino. "Weka dole hapa, mama. Ni kuonyesha tu kwamba umepokea kitenge."

Ludovika aliangalia maandishi. Yalikuwa mengi kwa kitenge kimoja. Lakini hakujua kusoma. Darasa la kisomo lilikuwepo kijijini, tena karibu na nyumba yake, lakini yeye alikuwa anasema kila siku kwamba hana nafasi. Watu walikuwa nyuma yake wanasubiri. Akaona aibu kuuliza. Akaweka dole.

Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, duka la ushirika lilileta bidhaa mpya. Kilikuwa kifaa cha duara la chuma lenye miguu mitatu na masikio mawili. Kilipakwa rangi nyeusi, kikapigwa mhuri: SALAMA.

Imakulata alikuja mbio. "Mama Fabiola! Kitu chako kiko dukani!"

Ludovika alikwenda akakishika. Akakigeuza. Hata pale ambapo yeye alikosea kidogo, mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mingine, nao walikosea vilevile. Mwanamke mmoja kutoka mtaa wa juu alikuwa anamtazama. Akasema, "Kumbe uliiga cha kiwandani! Sisi tulidhani ni akili yako."

Ludovika alikirudisha mezani pa duka. Alirudi nyumbani akawasha moto wa kupindia vyuma, kama aliyeambiwa afanye haraka. Alitengeneza vitatu siku ile.

Wiki iliyofuata Ndugu Urban alifika na mwenyekiti. Mwenyekiti hakumtazama Ludovika usoni. Alifungua karatasi akaisoma polepole mbele ya majirani:

"Mimi Ludovika wa Maretadu, nimempa Ndugu Urban kifaa cha kushikia sufuria kwa hiari yangu. Kuanzia leo ni mali yake. Sitakitengeneza tena wala kukigawa kwa mtu. Nimepokea kitenge."

Chini palikuwa na dole la bluu.

"Ndugu mwenyekiti," Ludovika alisema, "aliniambia ni la kitenge."

"Nilikuambia uweke dole kwenye karatasi," alisema Ndugu Urban. "Karatasi inasema yenyewe."

"Haikusema. Mimi sijui kusoma!"

"Hilo si kosa langu, mama."

Akaondoka. Mhunzi akaogopa, akazima moto wake kwa kazi ile. Tluway hakugombana na mtu. Alitoa kitenge sandukuni akakichanachana vipande, akavifanya vya kufutia jembe.

Ludovika aliacha kutoka nje. Hakwenda kanisani, hakwenda kisimani mpaka wengine wamemaliza. Kifaa cha dukani alikataa kukinunua, na cha kwake alikuwa amekwisha kukigawa, akakatazwa kutengeneza kingine. Akarudi kuishika sufuria kwa kitambaa, akimkalisha Fabiola mbali mlangoni, kwenye baridi.

Siku moja mchana mgeni akabisha hodi. Alikuwa Letisia, mwalimu wa kisomo, binti wa Bukoba aliyeletwa na serikali.

"Shikamoo, Mama Fabiola."

"Marahaba, mwalimu. Kama umekuja kuniita darasani, nimechoka. Kusoma sasa kutanisaidia nini?"

"Sikuja kukuita. Nimekuja kukusikiliza."

Ludovika alimweleza yote. Letisia alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kuna kitu kinaitwa hataza," alisema. "Ni karatasi ya serikali. Inasema kifaa hiki kimebuniwa na fulani. Kwa miaka kadhaa mtu mwingine haruhusiwi kukitengeneza wala kukiuza bila ruhusa ya fulani huyo."

"Basi tuiombe!"

"Sitakudanganya. Kuna ugumu. Hataza hutolewa kwa kitu kipya. Kitu ulichokwisha kuonyesha mbele ya watu hakihesabiwi kuwa kipya. Wewe ulikionyesha Saba Saba, na kabla ya hapo ulikigawa kijiji kizima."

"Nilikigawa ili watoto wasiungue. Hilo nalo ni kosa?"

"Si kosa, mama. Ni jambo jema. Lakini sheria haiangalii hilo. Ungekichora kwanza. Ungeandika tarehe, mashahidi wakatia sahihi, ukaomba hataza kabla ya kukionyesha. Na lile dole... mtu asiweke dole wala sahihi kwenye maneno ambayo hajasomewa na mtu anayemwamini."

Ludovika aliinamisha kichwa. "Jaribu tu, mwalimu. Andika."

Letisia aliandika barua kwa Msajili wa hataza, Dar es Salaam. Alisema jibu linaweza kuchukua miezi. Ludovika akauliza, "Likija, nani atanisomea?"

"Nitakusomea mimi."

"Hapana," alisema Ludovika. "Jibu hili nitalisoma mwenyewe."

Kesho yake saa tisa alasiri alikwenda ghalani, ambako darasa lilifanyika. Alikaa nyuma kabisa. Mkono wake uliozoea nyundo ulivunja penseli mbili siku ya kwanza. Alijifunza a na e na i. Alijifunza kuandika mafiga, mwiko, moto. Akirudi nyumbani alimfundisha Fabiola, naye Fabiola akaandika kwa mkono wa kushoto.

Barua ilifika mwezi wa tano. Letisia aliileta ikiwa haijafunguliwa. Tluway alisimama mlangoni. Ludovika akaichana bahasha, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Tu-na-si-ki-ti-ka," alisoma.

Akarudi mwanzo wa neno. Tluway akasema, "Mwalimu, msaidie."

"Niache," alisema Ludovika, akaendelea. Alisoma kwamba kifaa kilikwisha onyeshwa hadharani. Alisoma kwamba, kwa sheria iliyopo, hataza hupatikana Uingereza kwanza, ndipo huandikishwa nchini. Alifika mpaka chini, kwenye sahihi.

"Uingereza," alisema. "Mimi hata Arusha sijafika."

"Sheria hiyo waliiacha wakoloni, mama. Bado haijabadilishwa."

Ludovika aliikunja barua mara nne. "Barua ya kwanza niliyosoma maishani mwangu," alisema, "nayo inanikatalia."

Wiki mbili hakuonekana ghalani. Aliyemrudisha ni Imakulata. Alikuja akitazama nyuma, akafunga mlango, akatoa kitu ndani ya khanga. Kilikuwa kipande cha mti kilichotobolewa katikati, na ndani ya tundu kulikuwa na meno ya misumari. Alitia hindi kavu ndani yake, akazungusha. Punje zikadondoka zote, gunzi likabaki tupu. Mikono haikuuma.

"Nani amekiona?" Ludovika aliuliza haraka.

"Wewe na mume wangu."

"Usikitoe nje! Njoo tukichore."

Walikichora kwenye daftari, kwa mbele na kwa ubavu. Ludovika aliandika kila kipimo. Aliandika tarehe: 3 Juni 1978. Akaandika jina la Imakulata. Mashahidi watatu wakatia sahihi: Tluway, Letisia na Ludovika mwenyewe. Letisia akawaonya. "Hii si hataza. Mlango ule bado umefungwa. Ila ikitokea mtu akasema ni chake, mtakuwa na kitu cha kuonyesha. Na msimpe mtu kifaa kabla ya kuandikiana."

Karakana moja ilipata habari ikamtuma mtu. Alikuja na karatasi tayari imepigwa chapa. Imakulata akamwambia, "Kifaa kipo, lakini asome kwanza Mama Fabiola."

Mtu yule alicheka. Ludovika hakucheka. Alisoma neno kwa neno, kidole kikitembea. Kwenye mstari wa sita kidole kikasimama.

"Hapa pameandikwa kwamba anaacha haki zake zote."

"Hayo ni maneno ya kawaida tu, mama."

"Kama ni ya kawaida, yafute."

"Siwezi kufuta. Yamekwisha pigwa chapa."

"Basi chukua karatasi yako. Kifaa kinabaki."

Mtu yule alitoka. Imakulata alikimbilia mlangoni. "Tumemfukuza! Hatarudi!"

"Asirudi," alisema Ludovika, lakini naye alikwenda kuchungulia barabarani.

Mtu yule alirudi baada ya siku kumi na karatasi nyingine. Hii ilisema kwamba kifaa ni cha Imakulata, kwamba karakana itampa sehemu yake kwa kila kimoja kitakachouzwa, na kwamba yeye ataendelea kutengeneza vya kwake apendavyo. Jina lake litapigwa mhuri juu ya kila kifaa. Ludovika aliisoma mara mbili. Alimsomea Imakulata kwa sauti mara ya tatu. Kisha Imakulata, ambaye naye alikuwa darasani, akaandika jina lake.

Mwaka uliofuata wanawake wa Maretadu walipukuchua mahindi bila malengelenge, na Imakulata akajenga nyumba ya bati. Siku ya kuezeka, Ludovika alipika. Alicheka na watu, akacheza kidogo. Jioni Tluway alimkuta nyuma ya ukuta mpya, peke yake.

"Unalia, na siku ni ya furaha?"

"Namfurahia," alisema. "Lakini najiona mimi."

 Tluway alikaa karibu naye.

Tangu hapo hakuna mtu kijijini aliyetia dole kwenye karatasi kabla Ludovika hajaisoma. Sifa zake zilifika mbali. Siku moja alikuja mama mzee kutoka Gitting, amepanda basi, amelala njiani kwa ndugu. Alikuwa amebuni kitanzi cha kufungia debe la mbegu, panya wasiingie. Akatoa karatasi kifuani.

"Wameniambia wewe unajua kusoma, binti yangu. Nisomee."

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba."

Ludovika alifungua karatasi. Kabla hajasoma hata neno moja, aliona dole chini. Wino wake wa bluu ulikuwa bado haujafifia. Alisoma hata hivyo, mpaka mwisho, kwa sauti, bila kuruka kitu. Mama yule alisikiliza, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo.

"Inafutika?" aliuliza.

"Haifutiki, mama."

 Nje watu walikuwa wanapita kwenda ghalani na madaftari yao. Ludovika alisimama, akachukua penseli, akaichonga kwa kisu, akamwekea mama yule mkononi.

"Saa tisa imefika," alisema. "Twende."