Glavu Kwenye Uzio wa Ngome

Kengele ya matembezi, inayopigwa kuwaongoza wageni, ilikuwa imetoweka. Bi Winifred, mwandalizi wa matembezi hayo, alikung'uta kikapu chake kando ya mfereji wa mji wa Berkhamsted, Uingereza, Jumamosi saa tano asubuhi, wageni wakinywa chai. Kengele hiyo ilikuwa ikabidhiwe siku hiyo kwa Shafiq, kiongozi mpya wa kuwatembeza watu mjini.

Hilary, sajini mstaafu wa upelelezi, aliishika kesi bila kuombwa. Kengele ililia mara ya mwisho kwenye magofu ya ngome. Nani alirudi huko peke yake? Shafiq.

"Fungua begi lako."

"Hapa? Mbele ya wageni wangu?"

"Kama huna cha kuficha, tatizo liko wapi?"

Lilikuwa na mwavuli na mkate wa jibini. Wageni wakageuka kutazama bata, ustaarabu wao wa siku zote jambo likichafuka. Ni Desmond tu, mume wa Hilary, aliyeendelea kunywa chai, mkono mmoja mfukoni.

Shafiq alieleza kwamba aliona glavu imeanguka kichakani, akarudi kuichomeka kwenye uzio wa chuma ili mwenyewe aione. Nani asiyefanya hivyo mji huu? Hilary hakumwamini, akamwongoza hadi ngomeni.

Glavu ilikuwepo juu ya uzio, ngozi ya kahawia, gumba limeshonwa kwa uzi wa buluu. Uzi huo Hilary aliushona mwenyewe Jumapili iliyopita, kwenye glavu ya mumewe. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Kichakani walikuta kengele, glavu ya pili imeshindiliwa ndani isilie.

"Tuseme tumeiokota tu," Shafiq alisema taratibu. "Hawatauliza."

"Najua hawatauliza. Ndiyo maana nitasema."

Waliporudi, Hilary alisimama mbele ya wote.

"Toa mikono mfukoni, Desmond."

Ilikuwa mitupu, myekundu kwa baridi.

"Miaka yote nawatembeza mimi," Desmond alisema. "Halafu anapewa huyu, aliyehamia juzi kufuata treni ya kwenda kazini London. Nilitaka akose cha kupokea, basi. Lakini jina lake sikulitaja, Hilary. Kumpekua uliamua mwenyewe."

Hilary alimgeukia Shafiq. Alimpa Shafiq kengele kwa mikono miwili.

"Nisamehe. Nilikudhalilisha bila ushahidi wowote."

Shafiq alichomoa glavu iliyokuwa ndani ya kengele, akamrudishia Desmond, akaipiga kengele. Wageni wakamfuata. Hilary alitembea nyuma kabisa, na kila ilipolia aliinamisha uso.