Mama, Lala Tena Nikuombee

"Mama, hebu lala tena," mchumba wangu alisema huku akiisimamisha simu dirishani. "Nikisema 'inuka kwa jina la Yesu', unanyanyuka taratibu. Usiwe na haraka, video itaharibika."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mama yangu alipooza upande mmoja mwaka jana. Nimemwogesha, nimemgeuza, nimemnyoosha mguu kila asubuhi kama tulivyofundishwa hospitali, yeye akiugulia na kusema "asante Bwana" hapohapo. Sasa anatembea na mkongojo. Na huyu kiongozi wa kusifu na kuabudu, kipenzi cha kanisa, mume wangu mtarajiwa, ndiyo kwanza anakanyaga chumbani kwa mama!

"Lakini mama ameshainuka," nikamwambia.

"Kanisa halijui. Jumapili wanachagua mchungaji msaidizi, mpenzi. Fikiria maisha yetu."

Akatoa leso, akaitandika kichwani kwa mama, ndipo akaweka mkono juu yake. Anaona kinyaa kumgusa!

Mama akaiondoa ile leso, akamrudishia.

"Mwanangu, Mungu nimekuwa naye humu ndani, kwenye mikojo na machozi. Siwezi kumzulia uongo."

"Basi njoo ushuhudie tu, mama. Nimeshawatangazia."

"Hilo nitafanya."

Jioni akanitumia meseji: "Mkumbushe mama ataje jina langu. Nakupenda malkia wangu. Ubarikiwe."

Ubarikiwe! Nikaitupa simu kitandani.

Jumapili mama akapewa maiki.

"Mungu ameniinua," alisema, na vigelegele vikalipuka. "Ameniinua kwa mikono ya binti yangu. Huyu kijana wenu amekuja juzi, mara ya kwanza tangu niugue, akataka nijilaze nijifanye napona mbele ya simu yake. Nimekataa."

Kanisa zima likamgeukia. Yeye akafumba macho, akaanza kunena kwa lugha kwa sauti kubwa. Hakuna aliyeitikia.

Ibada ilipoisha akanikimbilia mlangoni, watu wakiwa wanatoka, akapiga magoti huku machozi yakimtiririka.

"Nisamehe! Shetani alinipitia! Usivunje uchumba wetu, nitakufa!"

Akina mama wakasimama kutazama, wengine wakaanza kulia naye.

"Msamehe, binti," mmoja akasema. "Mwanaume kupiga magoti si mchezo."

Na mimi, Mungu anaona, moyo ukalainika. Nilikuwa nampenda mwanaume huyu. Gauni la harusi lilikuwa tayari kwa fundi. Nikainama, nikamshika bega nimnyanyue.

"Ngoja kwanza," akaninong'oneza bila kuinua kichwa. "Wazee wa kanisa bado hawajatoka."

Nikamwachia bega. Nikamwacha hapohapo kwenye magoti yake, nikaenda kumshika mama mkono, tukaondoka. Harusi hakuna.