Kola Iliyolowa

Jumatatu asubuhi, Ramazani alishika salopeti yake ya kazi iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, akaona kola imelowa. Mvua haikuwa imenyesha. Paa la upande ule halikuvuja. Aliisugua kwa vidole. Ilikuwa na utelezi, kama kitu kilichotoka kinywani mwa ndama. Nguo yote ilikuwa nyeupe kwa vumbi la rangi aliyoikwangua juzi. Kola peke yake ilikuwa safi.

"Asumini, umefua kola yangu?"

"Nifue kola tupu, niache nguo? Mi niko mwenda wazimu?" Mke wake alikuwa ameinama akipuliza makaa ya jiko lao, babula.

"Basi iko panya."

"Panya ya Cimpunda inakula muhogo, papa. Haikule makola."

Walicheka wote wawili. Ni vizuri kukumbuka kwamba walicheka.

Asumini alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa bila pumzi. Wa pili aliishi siku mbili. Ramazani aliwachimbia wote kwa mikono yake, makaburi mafupi ambayo mtu mzima anaruka kwa hatua moja. Mimba hii ya tatu waliibeba kama watu wanaovuka daraja bovu, bila kusema kwa sauti. Baada ya kila sala Ramazani aliomba neno moja tu: huyu abaki.

Ulikuwa mwaka 1974. Kazi yake ilikuwa Nyalukemba, mtaa wa matajiri wa Bukavu, katika nyumba kubwa inayotazama ziwa. Mzungu mwenye nyumba alikuwa ameondoka, na nyumba ikapewa Bulonza, citoyen Bulonza, kwa maana wakati ule kila mtu aliitwa citoyen, mwananchi. Kuta, milango na madirisha yalikuwa na rangi nyeupe ya zamani, tabaka juu ya tabaka, imevimba na kupasuka kama ngozi ya ukoma. Bulonza alitaka yote ikwanguliwe na kupakwa upya kabla ya sikukuu ya tarehe ishirini ya mwezi wa tano, kwa sababu alikuwa na wageni wakubwa kutoka Kinshasa.

Kapita wa kwanza, yaani msimamizi wa kazi ile, alikuwa muzee Isidore. Sheria ya wakati ule ilikataza majina ya Kizungu kama hilo, lakini vinywa vya watu havikuliacha. Alikuwa amepaka na kukwangua rangi tangu enzi za Wabelgiji. Viganja vyake vilining'inia kutoka kwenye vifundo kama shingo za kuku waliochinjwa, na alipofungua kinywa, mstari wa buluu iliyokoza ulionekana kwenye ufizi, chini ya meno. Wafanyakazi hawakupenda kumtazama akila.

Siku ya kwanza aliwakusanya uani.

"Hii rangi ya zamani iko na plomb ndani, ile madini ya sumu. Mulowanishe ukuta kwanza, kisha mukwangue. Hapana kukwangua mukavu. Hapana kuchoma na moto. Hapana kula ndani, hapana sigara. Mufunge pua na mudomo. Saa ya kurudi, nguo inabaki hapa ndani ya pipa. Na munanawa mpaka kwa kiwiko, na chini ya kucha."

"Na kucha pia, muzee?" akauliza Gaston, fundi mwenye mdomo mwepesi. "Tuko mabibi harusi?"

Watu walicheka. Isidore aliinua mikono yake. Mikono ilipanda, viganja vikabaki vinaning'inia.

"Hata mi nilicheka. Ile kitu inakaa mule inapenda vumbi kavu. Inaogopa maji tu. Na ikishaingia kwa mufupa, haina mulango ya kutokea."

"Kitu gani, papa kapita?"

"Jina yake sijue. Nilisikiaka tu ginsi inalamba."

Siku ya tatu Bulonza alikuja, akaona maji yanatiririka sakafuni.

"Citoyen kapita, uko unafua nyumba yangu? Ukuta ya maji itakauka siku gani?"

"Pasipo maji, citoyen, batu bako watakula hii kitu."

"Basi wale! Nani hapa anajua kukwangua mukavu?"

Ramazani aliinua mkono. Alitaka mtoto wake azaliwe akiwa mtoto wa kapita, si mtoto wa mkwangua kuta. Hilo tu ndilo lililokuwa moyoni mwake.

Isidore, aliyefukuzwa palepale, alibana kofia yake kati ya vifundo vya mikono. Akipita mlangoni alisimama mbele ya Ramazani. "Yote acha, mwanangu, lakini shika sharti ya nguo. Usimupelekee bibi yako ile kitu."

Ramazani aliitikia. Lakini Bulonza alimpa salopeti mpya ya buluu, na kifuani palikuwa pameandikwa KAPITA kwa nyuzi nyekundu. Akiiacha ndani ya pipa, nani ataiona? Basi kila jioni aliivaa hadi nyumbani. Alipita nayo katikati ya soko la Kadutu, akapanda nayo vichochoro vya Cimpunda, huku vumbi jeupe likimdondoka mabegani, na watu wakimwamkia kwa heshima.

Wiki ile ya kola, mvua ilikuwa nyingi mchana, na mafundi walikula ndani. Walishika mikate kwa vidole vyeupe. Chumba cha mwisho walikuwa wamekichoma kwa taa ya moto, na harufu yake ilikuwa ya maziwa ya kopo yaliyoungua pamoja na sarafu za shaba. Ilikaa kooni hata baada ya kulala. Nzi walitua kwenye vumbi la madirisha, wakazunguka kidogo, wakafa migongo chini.

Siku moja, saa sita mchana, Ramazani alienda kufungua chumba hicho. Kilikuwa kimefungwa tangu jana. Vumbi sakafuni lilikuwa laini, bila alama ya mguu. Lakini ukutani, kuanzia usawa wa goti lake, kulikuwa na michirizi mipana iliyong'aa kwa unyevu, rangi yote imeondoka mpaka kwenye plasta, na pembeni ya kila mchirizi mate mazito yalikuwa bado yanateremka polepole. Kisha akasikia, nyuma ya ukuta, mlio wa ulimi mkavu unaopanda na kushuka, unapumzika, unameza, unaanza tena. Alitaka kutema mate, akakuta kinywa chake mwenyewe kimejaa utamu. Alitema. Mate yalikuwa ya kijivu.

Koridoni alimkuta Gaston amekunjamana, ameshika tumbo lililokuwa gumu kama ubao.

"Umesikia?" Ramazani alinong'ona.

"Nasikia tangu juzi." Gaston hakuwa na mzaha tena. "Nyamaza, kapita. Citoyen asisikie."

Nyumbani mambo yalionekana kwenda vizuri, na hilo lilimdanganya. Wanawake wengi wa Bukavu wakiwa na mimba hula pemba, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa mabonge. Asumini alikuwa anakula pemba sana. Sasa alikuwa hajaigusa kwa wiki mbili.

"Hamu imeisha?"

"Imeisha." Alimkumbatia, akaweka pua yake shingoni mwa mumewe. "Siku hizi unanukia tamu, bwana yangu."

Ramazani alifurahi. Hakujiuliza kwa nini mkewe amepauka kama majivu, kwa nini anakaa siku tano bila kwenda chooni, wala kwa nini anapotabasamu anafunika mdomo kwa mkono.

Ijumaa alivaa kanzu kwenda msikitini, na salopeti ikabaki kwenye msumari. Baada ya sala alirudi kubadili nguo. Jua lilikuwa kali. Majirani walikuwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo, redio ilikuwa inaimba mahali fulani. Alipofika mlangoni aliusikia ule ulimi.

Alisukuma mlango taratibu, akamwona Asumini amepiga magoti nyuma ya mlango huo, ameishika salopeti kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kichwa cha mtoto, kola iko kinywani, na alikuwa anaifyonza kwa macho yaliyofumbwa, kisha akaiacha, akageuza mfuko nje, akaulamba mshono wake, akachokoa kwa ulimi vipande vya rangi vilivyokuwa vimejikusanya kwenye pembe, akavitafuna, na vilipasuka kati ya meno yake kama maganda ya mayai, na mate meupe mazito yalimtoka pembeni mwa mdomo, yakateremka kidevuni, yakadondoka juu ya tumbo lake, na tumbo likasogea, kwa nguvu, kuelekea pale yalipodondoka.

"Asumini!"

Alifumbua macho. Ufizi wake ulikuwa na mstari wa buluu.

"Karibu, kapita," akasema. Sauti zilikuwa mbili, yake na nyingine kavu chini yake. "Leo umekawia kuniletea."

Ramazani aliruka kizingiti kurudi nje. Kisha akakimbia kumwita mwalimu wa Kurani.

Mwalimu Almasi alikuwa anafundisha watoto Kurani katika nyumba ya mabati si mbali na hapo. Alikuwa mtu mtulivu, na hakupenda habari za majini na pepo, lakini alikuja. Jirani yao, maman Georgette, mkunga, alikuwa tayari amemlaza Asumini mkekani. Mwalimu alisoma kwa sauti ndogo. Asumini alitetemeka.

"Weye nani?" mwalimu akauliza.

"Mwenye nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ile ya ziwa ilikuwa yangu. Sasa ni hii." Asumini aligonga kifua chake, kisha tumbo. "Hii iko na vyumba viwili."

Maman Georgette alishika msalaba wake. Ramazani alijiziba mdomo.

"Nani alikufungulia mulango?" mwalimu akaendelea.

"Sikujaka mwenyewe. Nilibebwa. Juu ya mabega. Kila siku."

Mwalimu alifunga kitabu.

"Mule kwa kazi muliambiwa masharti gani?"

Ramazani aliyasema yote aliyoambiwa na muzee Isidore, moja baada ya jingine, kama mwanafunzi. Maji. Moto. Chakula. Sigara. Pua. Nguo. Mikono. Kucha.

"Weye ulishika gani?"

"Hata moja, mwalimu."

"Mi nitasoma, na Mungu anasikia. Lakini muntu anayejua kazi ya hii kitu ni ule muzee aliwapa masharti. Enda umuite."

Isidore alikuja bila kuuliza swali. Kwa sababu mikono yake haikuweza, alisimama mlangoni, akaagiza. Wanawake wa kichochoro walileta maji, ndoo kwa ndoo. "Lowanisheni kwanza! Hapana kufagia mukavu. Kuta, mukeka, babula, yote." Mmoja alitaka kutupa salopeti motoni. "Hapana kuchoma! Moshi yake itawarudia. Na hapana ziwani, batu wanakunywa. Munazika, ndani ya debe, mbali na mashamba."

Maji yalipomgusa Asumini, kile kilichokuwa ndani kilipiga ukelele mkavu, kama chuma kinachokwangua bati, na mwalimu alisoma, na maman Georgette aliomba kwa namna yake, na maji yakamwagwa kichwani, mabegani, chini ya kucha, yakateremka meupe kama maziwa, na Asumini akainama akaanza kutapika, kwanza maji, kisha ute, kisha uji wa kijivu wenye harufu tamu ambao haukutawanyika sakafuni bali ulijikusanya, ukatafuta ukuta mkavu, ukanyoosha ncha yake kama ulimi, ukaugusa, ukalamba mara moja, hata wanawake wakatapika nao, na Isidore akapaza sauti, "Maji! Maji!" na ndoo ya mwisho ikaufunika.

Asumini alilia kwa sauti yake mwenyewe, akaomba kanga.

"Imetoka kwa nyumba," mwalimu akasema. "Tumushukuru Mungu."

Isidore alibaki mlangoni. Alikuwa anatazama tumbo.

Ramazani hakurudi Nyalukemba. Alitafuta kazi pengine, alilowanisha kila ukuta, aliacha nguo kazini, na alinawa mpaka ngozi ikapasuka. Asumini alipewa maziwa na mboga. Mwezi wa nane wa mwaka ule alizaa mtoto wa kike, akalia vizuri, wakamwita Nyota. Siku mbili zikapita, kisha arobaini. Alibaki. Ramazani alisujudu akalowanisha mkeka kwa machozi.

Nyota alipofika miezi mitatu, Asumini alianza kulalamika kwamba jioni mtoto anaacha kunyonya. Kila siku, saa ile ile ambayo baba yake alikuwa anarudi na salopeti, aligeuza shingo kuelekea msumari mtupu nyuma ya mlango, akangoja.

Isidore alikuja kumwona. Alikaa, akanywa chai, kikombe kati ya vifundo vya mikono.

"Nifungulie mudomo yake, mwanangu," akasema mwishowe. "Mi siwezi."

Ramazani aliinua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole chake. Hakukuwa na jino hata moja. Kwenye ufizi laini ulipita mstari mwembamba wa buluu, ulionyooka kama uliochorwa kwa kalamu.

Ramazani alitaka kuondoa kidole, lakini Nyota alikuwa amekwisha kukikamata. Hakukinyonya. Alikigeuza taratibu kwa ufizi wake, akitafuta, mpaka ulimi mdogo mkavu ukafika chini ya ukucha, ukaanza kulamba, ukapumzika, ukameza, ukaanza tena.